Ile 2 nyuma ya ENGLAND: ninavyosoma umri wa kiko cha Kiingereza

Mwezi uliopita kijana mmoja aliingia karakanani na kiko cha tumbaku kilichoviringishwa kwenye kitambaa, akakishusha mezani polepole kama aliyebeba mayai. "Fundi, hiki ni cha 1922," akaniambia. "Babu alikuwa mpishi wa mzungu kule Nakuru, akapewa."

Ushahidi wake ulikuwa tarakimu moja. Chini ya shina palikuwa na jina la Dunhill, watengenezaji wa viko wa London, maneno MADE IN ENGLAND, na nyuma ya ile D ya mwisho namba 2. Kijana alishasoma kwamba Dunhill walianza kupiga namba za mwaka mnamo 1921 kwa kuanzia na 1, kwa hiyo 2 ikawa 1922. Hesabu yake sikuona pa kuikosoa. Tatizo ni kwamba Dunhill hawakuhesabu mara moja tu. Mnamo 1941 walirudi tena kwenye 1, na 1951 na 1961 hivyo hivyo. Ile 2 ingeweza kuwa ya 1922, ya 1942, ya 1952 au ya 1962, na kati ya miaka hiyo bei inapishana sana.

Kabla sijaendelea, tuelewane majina. Kichwa ni sehemu inayotiwa tumbaku, shina ndilo linalotoka kwenye kichwa, na mdomo ni kile kipande cheusi kinachochomekwa kwenye shina. Kichwa na shina huchongwa kutoka kipande kimoja cha briari, yaani kifundo cha mzizi wa kichaka kiitwacho Erica arborea kinachoota pande za Mediterania. Mdomo huwa wa ebonaiti, mpira uliopikwa kwa salfa, na ule wa zamani waweza kuwa wa pembe au kaharabu. Nayasema haya kwa sababu wengi hudhani kiko ni kitu kimoja chenye umri mmoja. Mdomo huvunjika ukabadilishwa. Shina hupasuka likavishwa pete ya fedha miaka ishirini baadaye. Nimewahi kushika kiko ambacho kila kipande kilikuwa na tarehe yake ya kuzaliwa.

Kwa sababu hiyo sitaji mwaka kwa mhuri mmoja. Nasubiri wa pili uje uukubali au uukatae wa kwanza.

Cha yule kijana nilikiinamisha chini ya taa. Taa haiwekwi juu ya kitu, inawekwa ubavuni, ili mwanga upite juu ya mbao kama jua la jioni linavyopita juu ya shamba: kila shimo linapata kivuli chake. Mhuri ambao mchana huuoni unasomeka ghafla. Ukiongeza lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, kazi imekwisha nusu. Mambo matatu yalijitokeza. Kwanza, 2 ililingana na D kwa ukubwa. Namba za Dunhill za miaka ya 50 huwa ndogo kuliko D na zina kistari chini yake. Pili, palikuwa na 4 ndani ya duara, na kando yake S ndani ya duara. Ile 4 ni kundi la ukubwa, na S ni Shell, aina yenye uso wa makunyanzi. Alama hizo za duara zilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Tatu, kuna kitu hakikuwepo: namba ya hataza, yaani ya haki ya uvumbuzi. Shell ya 1922 ingekuwa nayo, ya 1942 pia, na hata ya 1952 ingekuwa nayo, kwani Dunhill walizipiga mpaka katikati ya miaka ya 50. Jibu ni 1962.

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kuhusu kile kitone cheupe juu ya mdomo: je, hakithibitishi kwamba ni cha zamani? Hapana. Kitone kile kiliwekwa ili mvutaji ajue upande upi wa mdomo ukae juu, kikaja kuwa nembo, na wanakipachika mpaka leo. Tena kiko kwenye mdomo, na mdomo hubadilishwa. Ukiletewa "Dunhill" ambayo ushahidi wake wote ni kitone cheupe, mshukuru mwenye nacho, mrudishie.

Kwa vya baada ya 1970 kazi ni nyepesi: ongeza namba kwenye 1960. 11 ni 1971, 16 ni 1976, 23 ni 1983. Ndiyo maana wanaoanza hupenda Dunhill. Watengenezaji wengine hawakutuachia namba za mwaka, inabidi uwasome kwa tabia zao.

Ila fedha inasema mwaka waziwazi, na hapo ndipo ninapopenda zaidi. Pete ya fedha ya Kiingereza ilipitia ofisi ya kupima madini na ikapigwa mihuri kadhaa: herufi za mtengenezaji, simba anayetembea kuthibitisha fedha ya 925, alama ya mji, na herufi ya mwaka. Nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, miganda mitatu ya ngano na upanga ni Chester, ofisi iliyofungwa 1962. Nina kiko cha BBB, watengenezaji wengine wa Kiingereza, chenye nanga na herufi "n" ndogo. Birmingham walianza na "a" ndogo mwaka 1900 wakairuka "j", kwa hiyo hesabu kwa vidole: "n" ni 1912. Zamani herufi zilibadilishwa katikati ya mwaka, basi "n" hiyo inaingia mpaka 1913. Angalia na umbo la herufi pia, maana alfabeti hurudiwa: Birmingham walianza upya kwa "A" kubwa mwaka 1925, na London kwa "A" kubwa 1936, kisha "a" ndogo 1956. Kusoma herufi bila kutazama alama ya mji ni kubahatisha.

Na kabla ya kushangilia, chungulia ukingo wa pete. Ukiona ufa wa mbao unapita chini yake, umejua mwaka kiko kilipotengenezwa upya, si kilipozaliwa.

Kwa Barling, familia ya masonara wa London tangu 1812, tazama herufi EB na WB kwenye fedha, na BARLING'S MAKE iliyopindwa kama upinde kwenye mbao. Familia iliuza kampuni 1960, na miaka ya 60 jina likawa Barling tu kwa mwandiko wa saini, bila ile 'S. Sasieni ana utamu wake: Joel Sasieni aliondoka Dunhill akaanzisha yake 1919, na katika mihuri ya kabla ya vita mkia wa herufi ya mwisho ya jina lake umepasuka kama mkia wa samaki. Viko vya Charatan, nao wa London, vyenye L ndani ya duara haviwezi kuwa vya kabla ya 1955, maana hiyo ni L ya Herman Lane, mfanyabiashara wa New York.

Comoy's, watengenezaji wengine wa London, nawaachia nafasi kidogo. Kwenye mdomo wao kuna C nyeupe. Katika vile vya zamani herufi hiyo haikuchorwa: fundi alitoboa tundu akajaza nyeupe, akatoboa dogo ndani yake akajaza nyeusi, kisha akatoboa la tatu ubavuni ili duara lifunguke liwe C. Ukiiweka chini ya lenzi unaona mishono. C ambayo haina mishono hiyo ni ya karibuni. Kwenye mbao, MADE IN ENGLAND iliyopangwa kwa umbo la mpira wa raga ni ya kabla ya vita. Duara la MADE IN LONDON lenye ENGLAND chini yake ni la baadaye.

Jina la nchi nalo ni kalenda. Ndugu zetu wa Arusha wanalijua hili vizuri, kwani Tanganyika Meerschaum Corporation ilichonga viko pale kutokana na jiwe jeupe jepesi la upande wa Amboseli, lile ambalo Wajerumani huliita povu la bahari. Nembo yake ni tembo, na jina la biashara ni neno letu lenyewe: Kiko. Chenye MADE IN TANGANYIKA kilipigwa mhuri huo kwa jina lililoachwa 1964. Mwaka mmoja au miwili ya ziada mpe fundi ambaye hakutaka kutupa mhuri mzima.

Adui wa haya yote ni mashine ya kung'arisha. Nimewahi kununua kutoka kwa muuzaji mmoja kiko kinachong'aa kama kioo, na pale pa mhuri pakawa laini kama kipara. Mbao nzuri, haina jina. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, paka chaki kidogo upate kusoma, piga picha, basi.

Yule kijana alimpigia shangazi yake pale pale, akaweka spika. Babu alipewa lini hasa? Shangazi akafikiri. "Mwaka ule bwana mkubwa alipouza ng'ombe wote akarudi kwao. Bado hatujapata Uhuru. Mimi nilikuwa darasa la tatu." Kijana akakata simu, akaniuliza kusafisha ni bei gani. Nikamwambia kichwa nitakikwangua masizi na mdomo nitautoa ukijani, lakini chini ya shina sigusi.