Mazoezi ya Ufundishaji katika Shahada ya Ualimu: Maelezo kwa Wanachuo Wanaopangwa Mtwara na Lindi

Kila mwaka, vyuo vikuu vinapofunga muhula wa pili na mikorosho ya Newala na Tandahimba ikiwa inapulizwa salfa, mabasi yanayoshuka kusini kutoka Dar es Salaam huleta vijana wenye begi moja kubwa, karatasi za manila zilizoviringishwa na bahasha yenye barua ya utambulisho. Hao ni walimu tarajali wanaokuja kwenye mazoezi ya ufundishaji, ambayo wenyewe huyaita TP, kifupi cha Kiingereza cha "teaching practice". Maswali wanayoiletea ofisi yetu ya uratibu huhusu zaidi chumba cha kupanga, nauli na siku ambayo msimamizi wa chuo atafika kuwakagua. Ni maswali ya haki na nitayagusa, lakini lipo moja ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ni hili: wiki hizo chache zinamfundisha mwanachuo kitu gani ambacho ukumbi wa mihadhara hauwezi kumfundisha? Jibu langu, baada ya miaka ya kusoma mafaili ya mazoezi, liko chini kabisa ya andalio la somo, yaani karatasi ya mpango wa kipindi, penye nafasi ya tathmini ya mwalimu na maoni. Wengi hujaza nafasi hiyo kwa maneno matatu yale yale kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho: "Somo limeeleweka vizuri."

Kwa wanaotarajia kujiunga, ni vema kwanza kueleza shahada yenyewe ilivyo. Shahada ya kwanza ya ualimu katika vyuo vyetu huchukua miaka 3, na ndani yake mna mambo yanayokwenda pamoja: masomo mawili ya kufundishia, kwa mfano Historia na Kiswahili au Kemia na Baiolojia, taaluma ya elimu yenyewe, yaani saikolojia, falsafa ya elimu, mitaala, upimaji na uongozi wa shule, na njia za kufundishia kila somo. Mhitimu wa kidato cha sita anatakiwa awe amefaulu masomo mawili kwa daraja lisilopungua E, na jumla ya pointi zisipungue 4, ambapo A huhesabiwa 5 na E huhesabiwa 1, ingawa chuo kinaweza kudai zaidi ya hapo kwa programu fulani. Wenye stashahada wana njia yao, nayo imeelezwa katika mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kila mwaka. Ushauri wangu kwa wazazi na vijana ni kwamba, kabla ya kulipa ada ya maombi, wahakikishe masomo mawili yaliyochaguliwa yanafundishwa katika shule za sekondari kama masomo kamili, kwa sababu anayekwenda mazoezini na somo ambalo halimo kwenye ratiba ya shule hupewa vipindi vya kuokoteza. Kwa wakazi wa huku si lazima kusafiri mbali ili kusoma: Mtwara ipo Stella Maris, chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi kwa wanaosoma huku wakifanya kazi.

Mazoezi kwa kawaida hufanyika mara mbili, baada ya mwaka wa kwanza na baada ya mwaka wa pili, kwa wiki sita hadi nane kila mara. Kabla ya hapo wanachuo hufundishana wenyewe chuoni, mmoja akisimama mbele ya wenzake kwa dakika kumi au kumi na tano huku wengine wakijifanya wanafunzi wa kidato cha pili. Zoezi hilo lina manufaa yake, lakini halijapata kumwonesha mtu mwanafunzi ambaye kweli haelewi.

Wiki ya kwanza shuleni ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa haraka. Mwanachuo akishapokelewa na mkuu wa shule na kupangiwa vipindi na mwalimu wa taaluma, kazi yake ya kwanza si kushika chaki. Akae nyuma ya darasa amwangalie mwalimu mwenyeji wa somo akifundisha vipindi viwili au vitatu, asome shajara ya somo ajue darasa limefika wapi, alinganishe shajara hiyo na azimio la kazi, yaani mpango wa mada na muda wa kuzifundisha, na apitie madaftari matano au sita ya wanafunzi. Madaftari husema kweli kuliko shajara. Niliwahi kukuta shajara iliyoonesha kwamba mada ya tatu imekwisha, ilhali madaftari yote yalikuwa yameishia katikati ya mada ya pili, na mwanachuo aliyeiamini shajara alifundisha siku nne akiwa peke yake darasani, ingawa wanafunzi walikuwa wamekaa mbele yake.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa aibu. Katika mazoezi yangu ya kwanza nilikuwa nimeandaa kipindi cha dakika 40 kwa makini, hatua kwa hatua, na nikakimaliza kwa dakika 15. Wanafunzi hamsini na kitu wakabaki wananitazama, nami nikafuta ubao taratibu kuliko ubao wowote ulivyopata kufutwa. Mwalimu mwenyeji aliyekuwa amekaa nyuma hakunisema. Baada ya kengele aliniomba andalio langu, akaonesha kwa kalamu ile safu ya kazi za mwanafunzi, ambamo nilikuwa nimeandika "kusikiliza" katika kila hatua. Nilikuwa nimepanga nitakachosema mimi, na wao sikuwa nimewapangia cha kufanya.

Mfano mwingine ni wa mwanachuo wa Hisabati niliyemsimamia katika shule moja ya kata kwenye nyanda za juu za Makonde. Alikuwa anafundisha asilimia kidato cha kwanza, akachukua mfano wa kitabuni unaohusu shati lililopunguzwa bei katika duka kubwa la mjini. Alieleza vizuri, kanuni akaiandika ubaoni kwa hati safi, lakini alipouliza swali darasa lilinyamaza. Jioni ile aliandika kwenye andalio lake kwamba hakuna aliyeweza kukokotoa isipokuwa wawili wa mbele, kwamba neno la Kiingereza la punguzo la bei halikueleweka, na kwamba yeye mwenyewe hakujua wanafunzi hawa wanakutana wapi na hesabu za namna hiyo. Halafu akaenda kumuuliza mwenye nyumba aliyempangisha chumba. Kesho yake aliingia na mfano mpya aliouandika ubaoni: mkulima amepeleka kilo 250 za korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika, bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, makato ni asilimia 5; je, atapokea kiasi gani? Bei na makato alivitunga kwa ajili ya hesabu tu. Kabla hajamaliza kuandika, msichana mmoja wa dawati la tatu aliuliza kama korosho hizo ni za daraja la kwanza au la pili, kwa sababu bei haiwi moja. Darasa likaanza kubishana, na katika kubishana huko wakakokotoa 750,000, wakatoa 37,500, wakabakiwa na 712,500. Watoto hao wamekua na mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi mazao ghalani kupitia chama chake na kulipwa yakishauzwa, ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, na makato wanayasikia nyumbani kila msimu. Kilichomfikisha mwanachuo yule kwenye somo la pili ni mistari minne aliyoiandika baada ya somo la kwanza kumshinda. Angeandika "somo limeeleweka vizuri", kesho yake angeendelea na mada inayofuata.

Suala la lugha linastahili kutazamwa kwa makini. Sekondari hufundishwa kwa Kiingereza na mitihani yake ni ya Kiingereza, isipokuwa Kiswahili, Historia ya Tanzania na Maadili, na masomo machache ya lugha, wakati mwanafunzi wa kidato cha kwanza ametoka shule ya msingi iliyomfundisha kila kitu kwa Kiswahili, na nyumbani pengine anazungumza Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua. Mwanachuo anayeng'ang'ania Kiingereza kitupu kwa kumwogopa msimamizi hupata darasa bubu, na anayefundisha kipindi kizima kwa Kiswahili huwaacha wanafunzi bila maneno ya kujibia mtihani. Njia ninayoiona ikifanya kazi ni kuorodhesha, wakati wa kuandaa somo, maneno sita au saba yatakayokwaza, kuyafafanua mwanzoni kwa kitu kinachoonekana, kuwaacha wajadiliane kwa Kiswahili katika vikundi, kisha kudai jibu kwa sentensi fupi ya Kiingereza. Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutumika Januari 2024, inasisitiza umahiri, yaani mwanafunzi aweze kufanya jambo badala ya kulikariri, na huwezi kupima umahiri wa mtu ambaye hajafungua mdomo.

Kuhusu maisha, nitasema kwa ufupi. Fedha za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo zisifanywe tegemeo la wiki ya kwanza. Njoo na akiba ya kodi ya mwezi mmoja, chakula na bodaboda. Anayepangwa Liwale ajue kwamba barabara ni ndefu na ya vumbi, na anayepangwa Newala au Tandahimba anunue madumu mapema, kwa kuwa maji ni ya shida juu ya nyanda hizo. Kuanzia Septemba korosho zinapoanza kudondoka, mahudhurio hupungua katika baadhi ya shule, hasa siku za mwanzo wa wiki. Usiwatukane wazazi kwa hilo mbele ya watoto wao. Weka kumbukumbu ya mahudhurio, mweleze mwalimu wa darasa, na upange kurudia jambo la msingi katikati ya wiki.

Yapo mambo mawili ya kisheria ambayo kila mwanachuo lazima ayajue kabla hajavuka geti la shule. La kwanza ni viboko. Kwa kanuni za mwaka 2002, adhabu hiyo hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, haizidi viboko vinne na huandikwa kwenye kitabu maalumu; mwalimu tarajali hana mamlaka hayo, hata kama walimu wa shule watamkabidhi fimbo kwa utani siku yake ya zamu. La pili ni uhusiano wa kimapenzi na wanafunzi. Umri wa mwanachuo wa miaka 21 na wa msichana wa kidato cha tatu hauachani sana, na ndiyo maana onyo linarudiwa kila mwaka: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Namba ya simu ya mwanafunzi haina kazi kwenye simu ya mwalimu tarajali.

Msimamizi anapokuja, mara nyingi bila taarifa, huketi nyuma na fomu yake na kutazama utangulizi, matumizi ya ubao, zana, namna ya kuuliza maswali na upimaji. Wapo wanachuo wanaotunza somo moja la maonesho, lenye manila za rangi, wakalifundisha upya kwa darasa lililokwisha kulisikia. Wanafunzi huwafichua wenyewe kwa kujibu swali kabla halijaulizwa. Ninachokifanya siku hizi ni kuliomba faili lote kwanza na kufungua andalio la wiki iliyopita, nisome pale chini penye tathmini. Nikikuta pameandikwa kwamba wanafunzi wa nyuma hawakuona mchoro, natazama kama leo mchoro umekuzwa. Nikikuta kwamba vikundi vya watu kumi vilipiga soga, natazama leo vina watu wangapi.

Katika wiki ya mwisho, sahihisha madaftari yote uliyoyakusanya, jaza shajara hadi ulipoishia kweli, na umkabidhi mwalimu mwenyeji orodha ya alama pamoja na majina ya wanafunzi unaodhani wanahitaji kuangaliwa. Fomu zipigwe muhuri kabla mkuu wa shule hajasafiri. Faili la maandalio likirudi kutoka chuoni usilitupe, kwa kuwa mwaka wa pili utapangiwa shule nyingine na huenda ukakutana na mada zile zile. Siku hiyo rejea zitakuwa vitabuni, lakini habari ya mahali darasa lilipokwama itakuwa kwenye faili hilo, kama uliiandika.