Msiba Hauishi Turubai Likishushwa: Dhana Potofu Kuhusu Mfiwa

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika hospitali moja hapa Dodoma. Mgonjwa akifariki, mara nyingi mimi ndiye ninayekaa na ndugu kabla hawajaenda mochwari na kabla simu hazijaanza kupigwa kijijini. Kuna maneno nayasikia kila wiki, yanasemwa kwa nia njema kabisa, na mengine nimewahi kuyasema mwenyewe. Yanaumiza, na wasemaji wakubwa ni sisi wenye sare.

“Jikaze, usilie”

Kulia hakuzidishi msiba. Wala asiyelia si kwamba hana uchungu. Wapo wanaoanza kulia mwezi wa pili, wakiwa wanafua. Mwanaume ndiye anayebanwa zaidi, maana ukoo mzima unamwangalia yeye apange safari na jeneza.

Tatizo jingine ni sisi kuogopa kulitaja neno lenyewe. Siku moja mzee alipewa taarifa kwamba “mgonjwa wako ametuacha”. Akauliza kwa heshima amehamishiwa wodi gani. Tangu siku hiyo natafuta kwanza pa kukaa, nafunga mlango, natoa pole, nasema “amefariki”, kisha nanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote.

“Bado u kijana, utapata mwingine”

Hili huambiwa mama aliyejifungua mtoto mfu. Mara ngapi nimemkuta amelala wodi ya wazazi, upande wake wa kulia mtoto wa jirani analia, kushoto vilevile. Mwanawe ameshachukuliwa na wazee kwenda kuzikwa, na yeye hakumwona hata uso. Kisha kati ya siku ya pili na ya nne maziwa yanashuka, kwa sababu mwili haujui kuwa hakuna wa kunyonya. Mama mmoja alidhani amepata ugonjwa, kumbe hakuna aliyemwambia.

Mtoto huyo hazibwi pengo na mwingine. Muulize mama kama angependa kumwona au kumshika mwanawe, akikataa, usimlazimishe. Mtafutie kitanda mbali na watoto wachanga, hata kama ni kwa kubadilishana na mtu. Mweleze habari ya maziwa: sidiria inayoshika vizuri, kitambaa cha maji baridi, na kukamua kidogo tu ili kupunguza maumivu. Na kama mtoto alikuwa na jina, mwite kwa jina. Baba naye amefiwa, japo huwa tunamtuma tu dukani.

“Huzuni ina hatua tano”

Tulifundishwa chuoni na tukazikariri: kukana, hasira, kujadiliana, sonona na kukubali. Daktari Elisabeth Kübler-Ross aliziandika mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe kule Chicago. Hazikutokana na kuwafuatilia wafiwa. Mfiwa anaweza kucheka asubuhi na kuzidiwa jioni, akarudi kwenye hasira uliyodhani imekwisha. Usimpimie hatua.

“Akishazika, yamekwisha”

Kwetu msiba una watu. Turubai linafungwa, wanaume wanaota moto nje, wanawake wanalala jamvini na mfiwa, na daftari la rambirambi linazunguka. Ni msaada mkubwa. Ila matanga yakianuliwa, mara nyingi siku ya tatu, kila mtu anarudi kwake, na hapo ndipo upweke unapoanza.

Kwa Dodoma ya sasa hali ni ngumu zaidi. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, mji umejaa watu ambao kwao ni mbali. Mtu anasafirisha mwili wa mkewe hadi Kigoma, anazika, anarudi kwenye nyumba ya kupanga Nkuhungu ambako jirani hajui hata kama alikuwa na mke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhakikishia mfanyakazi aliyefiwa na mtu wa karibu angalau siku 4 za likizo yenye malipo. Siku mbili zinaishia barabarani.

Kwa hiyo mimi nahesabu wiki, sihesabu siku. Wiki ya tatu napiga simu, au namwomba mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite. Maswali ni ya kawaida: unakula na nani, unalala, dawa za presha unameza? Wajane wengi huacha dawa kwenye msiba na hawazirudii. Mwingine hukosa kliniki akidhani eda ya miezi 4 na siku 10 inamkataza kutoka, ilhali haimzuii mjane kutafuta matibabu.

Wengi uchungu wao hupungua polepole, ila wapo ambao haupungui. Shirika la Afya Duniani sasa linautambua kama tatizo la kiafya endapo umemshika mtu kwa nguvu kupita miezi 6, umemwangusha katika shughuli zake, na umezidi desturi ya jamii na dini yake. Huyo apelekwe kwa mtaalamu. Anayesema anataka kumfuata marehemu, usisubiri hata siku moja.

“Anasikia sauti ya marehemu, apelekwe Mirembe”

Mwaka 1971 daktari Dewi Rees wa Wales alichapisha matokeo ya kuwahoji wajane na wagane 293. Karibu nusu walikuwa wamehisi, kusikia au kuona wenzi wao waliokufa, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu. Kusikia kikohozi cha mume mlangoni si wazimu. Na Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili; kuigeuza tusi kunawafanya wanaoihitaji kweli waogope kwenda.

“Mtoto haelewi, mwambie mama kasafiri”

Buigiri nilimkuta mtoto wa miaka mitano aliyeambiwa mama yuko Dar. Kila basi likipiga honi barabara kuu, alikimbia kusimama mbele ya nyumba. Miezi miwili. Mwambie mama amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, na si kwa sababu ya kosa lake yeye mtoto. Ataulizia tena kesho. Mjibu vilevile.

“Usimtaje, utamtonesha kidonda”

Nilimtembelea bibi mmoja Bahi wiki ya tano baada ya kumzika mwanawe. Nilimkuta akipukuchua karanga. Nilisita, kisha nikamuuliza mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Akaweka ungo chini.

“Mwanangu, tangu wageni waondoke hakuna aliyemtaja.”

Akanihadithia alivyokuwa akiwapigia ng'ombe mluzi, kila mmoja na wake, mpaka ng'ombe wenyewe wakaanza kurudi.