Mboji ni nini, na kwa nini kazi ya bustani Mtwara huanzia hapo

Mboji ni mabaki ya mimea na ya jikoni yaliyoozeshwa kwa mpangilio, yakipata hewa na unyevu wa kutosha, mpaka yakawa kitu cheusi, chepesi, kinachomeguka mkononi na chenye harufu ya udongo ulionyeshewa. Huwezi tena kujua lipi lilikuwa jani la mwembe na lipi lilikuwa ganda la muhogo. Ukiona bado yanatambulika, haijaiva.

Shimo la taka nyuma ya nyumba si mboji, hata kama mabaki ni hayohayo. Mle kuna nailoni, vipande vya chupa na maji yaliyotuama, na hewa haipiti, kwa hiyo taka zinavunda badala ya kuoza vizuri. Samadi nayo si mboji. Ni malighafi nzuri sana ya kuitengenezea, lakini ikiwekwa mbichi kwenye shina la ua huunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai.

Wengi huilinganisha na mbolea ya dukani, na hapo ndipo wanapoidharau. Mfuko wa urea una naitrojeni asilimia 46. Mboji ya nyumbani kwa kawaida huwa na asilimia moja au mbili tu. Ukiipima kwa kipimo hicho utaiona ni kazi bure. Lakini mboji haikuja kushindana na urea. Kazi yake ni kuufanya udongo uweze kushika kitu, na sisi wa Mtwara na Lindi tuna shida hiyo hasa.

Chimba shimo la kupandia ua popote kati ya Shangani na Mikindani, mwaga ndoo ya maji, kisha simama uangalie. Sehemu nyingi maji yanazama kabla hujaiweka ndoo chini. Ardhi yetu kwa sehemu kubwa ni mchanga, na mchanga hauna cha kushikilia maji wala chakula cha mmea. Mvua zetu nazo ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, baada ya hapo ni kiangazi kirefu. Mbolea ya dukani ikimwagwa kwenye mchanga mtupu wakati wa mvua kubwa, sehemu yake nzuri huteremka chini kupita mizizi. Ndiyo maana uwanja uliopandwa nyasi kwa gharama mwezi wa pili unakuwa wa njano ifikapo Agosti, mwenye nyumba analaumu nyasi, na fundi analaumu jua. Kwenye viwanja vya pembezoni vilivyokuwa mashamba ya mikorosho kuna jambo la ziada: salfa inayopulizwa miaka mingi kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, huongeza tindikali kwenye udongo. Mboji husaidia kupunguza makali yake.

Sasa kuna jambo linaloniuma. Kila asubuhi mitaani kwetu ua unafagiliwa kwa fagio la chelewa, majani yanakusanywa pembeni, yanapigwa kiberiti. Karibu kaboni yote na naitrojeni iliyokuwemo vinaondoka na moshi, yanabaki majivu kidogo. Kisha nyumba hiyohiyo inaagiza kirikuu ya udongo mweusi uliochimbwa bondeni ili kupandia maua. Bonde linabaki na mashimo, na aliyekuwa akilima mchicha pale anapoteza udongo uliochukua miaka mingi kujijenga. Tunachoma tulichonacho halafu tunanunua cha mwenzetu.

Mboji yenyewe inatengenezwa na viumbe wadogo wasioonekana, bakteria na kuvu, wanaokula mabaki hayo. Wanahitaji kaboni kwa ajili ya nguvu na naitrojeni kwa ajili ya kujenga miili yao, na uwiano unaowafaa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Hakuna haja ya mizani. Vitu vikavu vya kahawia, kama majani makavu, maganda ya mahindi na pumba za mpunga, vina kaboni nyingi. Vitu vibichi, kama nyasi zilizokatwa leo, maganda ya mboga na samadi, vina naitrojeni nyingi. Madebe mawili au matatu ya vikavu kwa debe moja la vibichi yatakufikisha karibu na hapo.

Lundo liwe na urefu, upana na kimo cha mita moja hivi. Likiwa dogo zaidi linapoteza joto, na joto ndilo linalofanya kazi. Panga tabaka la vikavu, tabaka la vibichi, nyunyiza maji, endelea. Kuujua unyevu, chukua ukufi wa mchanganyiko uukamue kwa nguvu. Vidole vikilowa na kutoka tone moja au mawili tu, ni sawasawa. Maji yakichuruzika, ongeza vikavu. Ukifungua kiganja ukakuta makapi makavu yanapeperuka, ongeza maji. Yale ya kuoshea mchele yanatosha kabisa.

Kwa joto, wazee wa kazi hii hutumia kipande cha nondo. Kichomeke hadi katikati ya lundo, kiache kwa muda, kisha kichomoe ukishike. Siku chache baada ya kupanga, kikitoka cha moto kiasi cha kushindwa kukishika kwa utulivu, lundo limewaka, yaani liko kwenye nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Siku tatu za nyuzi 55 na kuendelea huua vimelea vingi vya magonjwa na mbegu nyingi za magugu, lakini ni kwa kile kilichokuwa katikati tu. Kwa hiyo unageuza kila wiki, cha nje kiingie ndani. Kugeuza pia kunaingiza hewa. Ukisikia harufu ya yai viza, hewa imekosekana. Ukisikia harufu kali ya kuchoma pua, vibichi vimezidi. Kwa kugeuza hivyo, miezi miwili au mitatu inatosha. Ukiliacha bila kuligusa litaiva pia, ila usitegemee kulitumia msimu huu.

Malighafi za kwetu zina tabia zake. Majani ya mkorosho ni magumu, yakatekate kwa panga kwanza. Mabibo yanayooza chini ya miti msimu wa korosho ni mali: yana maji na sukari, na lundo huwaka upesi, lakini yafukie ndani kabisa kwa sababu ya nzi, na uyachanganye na vikavu vya kutosha. Makumbi ya nazi huchelewa sana kuoza, mimi huyaweka chini kabisa ili hewa ipite. Utumbo wa samaki unafaa ukifukiwa katikati, vinginevyo paka wa mtaa mzima watakuwa wageni wako. Mwani uoshwe chumvi kwanza. Maganda magumu ya korosho usiyaweke. Mafuta yake huunguza ngozi na kuwadhuru hao viumbe wadogo unaowategemea. Usiweke pia nyama, mafuta ya kupikia, kinyesi cha mbwa au paka, wala mizizi mibichi ya ukoka, ambayo itaota humohumo.

Kijana anayetaka kuanza biashara ya kutengeneza bustani za majumbani mara nyingi huanza kwa kutafuta mashine ya kukatia nyasi. Mimi nasema aanze na malundo, na hesabu itamwonyesha kwa nini. Uwanja wa nyasi wa mita kumi kwa kumi una mita za mraba 100. Ukitaka tabaka la mboji la sentimita tatu la kuchanganya na mchanga kabla ya kupanda, hizo ni mita za ujazo tatu, sawa na madebe 150 ya lita ishirini. Lundo hupungua karibu nusu linapoiva, hivyo lundo la mita moja kila upande litakupa madebe 25 hivi. Uwanja mmoja tu unameza malundo sita. Lakini madebe hayo 25 yanatosha mashimo 25 ya maua kwa debe moja kila shimo, na hiyo ni kazi kamili kwa nyumba ya kawaida: bugenvilia ukutani, asumini dirishani, michongoma ya kuzungushia.

Kwa hiyo kazi za mwanzo ziwe za mashimo na vitalu vidogo, wakati malundo yanaongezeka. Malighafi zitatoka kwa wateja walewale. Ukikata nyasi za mtu na kufagia majani yake, omba uondoke nayo badala ya kuyachoma. Wengi watafurahi. Sokoni wauza mboga hutupa mabaki kila jioni, na toyo moja, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, hubeba mengi. Vifaa vya kuanzia ni jembe, reki, beleshi, toroli, panga na mkasi wa maua. Mashine ya nyasi inaweza kukodiwa mpaka wateja wa kudumu wapatikane, maana fedha ya uhakika iko kwenye matunzo ya kila mwezi kuliko kwenye kupanda mara moja. Unapotaja bei, hesabu mboji yako kana kwamba umeinunua, pamoja na usafiri na maji. Anayeihesabu bure huishia kufanya kazi kubwa kwa ujira wa kibarua.

Kwa upande wa sheria, utahitaji namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato, TRA, na leseni ya biashara kutoka halmashauri. Ukitaka kutumia jina la biashara, litasajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, na hilo hufanyika kwa mtandao. Ofisi na hoteli nyingi hazitakulipa bila karatasi hizo. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa ajili yao. Kutumia mboji yako kwenye bustani unayoitengeneza ni jambo moja, kuifungasha kwenye mifuko na kuiuza kama mbolea ni jingine: biashara ya mbolea iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, na ni vyema kuwaona kabla ya kuchapisha nembo.

Malundo ya kwanza yapangwe Julai au Agosti, yaive kabla ya mvua kuanza, kwa sababu kipindi hicho ndicho watu wanachoita mafundi wa bustani kwa wingi. Mabibo yanapoanza kujaa chini ya miti, mwezi wa kumi hivi, tumia hayo kwa malundo ya awamu ya pili, na uyafunike kwa makuti mvua isiyaloweshe kupita kiasi.