Sokwe mtu ni ndugu wa nani zaidi?

Wageni wanaorudi Bukavu kutoka hifadhi ya Kahuzi-Biega, mashariki mwa Kongo, huwaweka gorila na sokwe mtu katika ukoo mmoja, na binadamu pembeni. Macho yanawapa haki: wanyama hao wawili wana manyoya meusi na mikono mirefu, na hutembea wakiegemea vidole vilivyokunjwa. Hata wataalamu wengi wa mifupa waliwahi kuamini hivyo.

ADN, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, inasema vingine. Maandishi hayo huandikwa kwa herufi nne za kemikali. Binadamu na sokwe mtu hutofautiana kwa takriban asilimia 1,2 ya herufi zinazolinganishwa, na gorila yuko mbali kidogo zaidi na wote wawili. Lakini kuhesabu tofauti tu hakutoshi. ADN hunakiliwa kila kizazi, na makosa machache ya kunakili hubaki. Koo zikishatengana, kila moja hulimbikiza ya kwake. Tunachotafuta ni mabadiliko mapya wanayoshiriki wawili na wa tatu hana. Ili kujua herufi ipi ni ya zamani, tunamwita shahidi wa mbali, orangutani wa Asia. Herufi aliyo nayo yeye pamoja na gorila huenda ndiyo ya mababu. Mabadiliko ya namna hiyo huwaunganisha zaidi sokwe mtu na binadamu.

Mara nyingi zaidi, si mara zote. Jenomu ya gorila, yaani ADN yake yote, ilipochapishwa mwaka 2012, ilionekana kwamba katika karibu asilimia 30 ya jenomu, gorila yuko karibu na binadamu au na sokwe mtu kuliko hao wawili walivyo karibu wao kwa wao. Wapo wanaodhani hapo sayansi imejipinga. Hapana. Watoto wa tumbo moja huweza kuwa na makundi tofauti ya damu, na mmoja akalingana na binamu yake. Binamu hageuki kaka kwa sababu hiyo. Mababu wa zamani nao walikuwa na aina kadhaa za jeni (kipande cha ADN) moja, na kila ukoo ukarithi kwa bahati. Kwa hiyo mtu akikuletea ukoo aliouchora kwa jeni moja, mwulize zingine zinasemaje.

Sampuli zenyewe hazihitaji kumkamata mnyama. Gorila na sokwe mtu hutengeneza kiota kipya karibu kila jioni, na asubuhi watafiti huokota kinyesi, ambacho hubeba seli za utumbo. Kazi yenyewe inanuka, ila ADN hupatikana.