Mchapishaji hajikatii chake kwenye pesa ya mteja

Wauzaji wengi wa fulana mtandaoni hapa Nairobi hudhani mchapishaji kama Printful, kampuni inayokuchapia fulana na kumtumia mteja kila oda ikiingia, hujikatia gharama kwenye malipo ya mteja. Sivyo. Malipo ni mawili. Mteja akilipa dola 25, pesa huingia PayPal yako. Mchapishaji naye hutoza kadi yako: tuseme 12 za fulana, 5 za usafirishaji. Kadi ikiwa tupu, oda inakwama palepale, hata kama mteja keshalipa. Weka akiba ya oda kadhaa.

Zile 8 zinazobaki si faida yote. Toa ada ya PayPal, kisha kinachopotea dola zikigeuzwa shilingi kwenda M-Pesa. Na ukimrudishia mteja pesa zake, PayPal hairudishi ada yake ng'o.