Hukulala, Ulisahau

Juzi tena. Mzee mmoja hapa Malindi ameshameza kidonge chake, amelala ubavu wa kushoto, kipimo cha oksijeni kidoleni, mimi mpira wa kamera ya kuchungulia tumbo mkononi. Akanishika mkono. "Mwanangu, ngoja. Mbona bado nakuona?"

Jirani yake alikuwa amemwambia kwamba ukishameza kile kidonge hujui kitu mpaka uamshwe. Huyo jirani nilimpima mimi mwenyewe, na hakulala hata dakika moja! Nilimwambia meza, akameza. Nilimwambia vuta pumzi kwa pua, akavuta. Alinikunjia uso kama nimemdai kodi. Kisha akenda barazani kuhubiri kwamba alilala kama mtoto.

Kidonge chenyewe ni midazolamu, na kwa dozi tunayotoa, si nusu kaputi. Inalegeza hofu, na inazuia ubongo usiweke kumbukumbu. Ni kama mwenye duka anayeuza vizuri, anajibu wateja, chenji anarudisha, ila daftarini haandiki kitu. Jioni akifungua daftari jeupe, ataapa duka lilifungwa kutwa. Mgonjwa naye akikuta pengo anasema, "nililala." Anayemsikiliza anakuja akingoja usingizi, anajikuta macho, anadhani dawa imekataa, na hofu inapanda kuliko ya yule asiyepewa kitu.

Kichefuchefu cha mpira kupita kooni hakizuiwi na kidonge. Hiyo ni kazi ya ganzi tunayopulizia, na ya pumzi yako. Ukitaka kuzimika kabisa, hilo ni suala la mtaalamu wa nusu kaputi, kwa mpango mwingine na bei nyingine.

Halafu wagonjwa huniambia, "niongeze kingine." Dawa ya mshipani naiongeza kidogo kidogo huku nakutazama. Ya kumeza ikishateremka imeteremka. Inachukua kama nusu saa, na utumbo na ini vinakula zaidi ya nusu yake kabla haijafika kichwani. Ndiyo maana miligramu 7.5 zile zile, mmoja anakoroma na mwenzake ananisimulia bei ya samaki changu. Na kama unatumia klarithromisini, ile ya bakteria wa tumbo uliyojinunulia dukani, sema! Inazuia utumbo na ini kuivunja midazolamu, na kidonge kimoja kinaweza kukulemea kama viwili au zaidi. Maji ya balungi nayo yana tabia hiyo, hasa huko utumboni.

Chakula mwisho muda wa saa 6 kabla ya kipimo, na chai ya maziwa ni chakula. Njoo na mtu wa kukurudisha. Usiendeshe bodaboda, usiuze shamba siku hiyo.

Linalonisumbua ni jingine. Kuna mama alilia tangu mwanzo hadi mwisho, nesi kamshika bega, kisha akanishukuru: "Daktari, sikusikia kitu." Nilimtuliza, au nilimfutia tu? Vitabu vinaandika "mgonjwa aliridhika" na kupita. Mimi nililiona lile chozi, na sijapata jibu.

Yule mzee nilimweleza yote haya, mpira ukining'inia mkononi. Akafikiri. "Basi ukifika tumboni niambie." Nikamwambia, akaitikia kwa kichwa, nikachukua vipande vya kupima, nikatoka. Dakika saba.

Saa nzima baadaye napita kitandani kwake. "Mwanangu," akaniita, "mtaanza saa ngapi?"