Je, wajua kwa nini AOL iligawa diski bure?

Miaka ya 1990, Mmarekani hakuwa na haja ya kuitafuta AOL (America Online), kampuni iliyouza huduma za mtandaoni kupitia laini ya simu. Akifungua sanduku la barua, diski yenye programu yake. Akinunua gazeti la kompyuta, diski nyingine ndani. Jan Brandt, aliyesimamia masoko ya kampuni hiyo tangu 1993, amesema kazi hiyo ilimeza zaidi ya dola milioni 300. Wazimu?

Kwanza tukumbuke enzi zile. Uliweka programu ya kampuni kwenye kompyuta, modemu (kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu) ikapiga simu, ukaingia kwenye uwanja wa kampuni hiyo: barua pepe, habari, michezo, vyumba vya soga. AOL ilikuwa na washindani wawili wakubwa. CompuServe ya Ohio ilikuwa ikiwahudumia watu wa majumbani tangu 1979. Prodigy ilikuwa na IBM, kampuni ya kompyuta, na Sears, kampuni ya maduka, mgongoni. AOL ndiyo iliyokuwa mdogo wao.

Sasa hesabu. Steve Case, aliyeiongoza AOL, alieleza kwamba mwanzoni mwa miaka hiyo mteja alikaa kama miezi 25 na kuacha takriban dola 350. Kumpata kwa dola 35, yaani sehemu moja ya kumi, ilikuwa biashara nzuri. Diski ilikuwa kionjo tu, kama kipande cha embe anachokukatia muuzaji sokoni. (Baadaye CD ziliahidi saa 1,000 za bure, ila ndani ya siku 45. Kuzimaliza ungehitaji kukaa mtandaoni saa 22 kwa siku!)

Lakini kionjo hakisaidii kama embe lenyewe ni chachu, na hapo ndipo Prodigy ilipoteleza. Ilitoza ada moja kwa mwezi ikitegemea faida ya matangazo na manunuzi. Wateja, badala ya kununua, wakaandikiana barua, na kila dakika yao ikawa hasara. Prodigy ikaweka kikomo: barua 30 kwa mwezi, kila inayozidi senti 25. Kwa maoni yangu, hakuna kosa kubwa kuliko kumtoza faini mteja kwa kile anachokipenda.

AOL ilitoza kwa saa. Mwaka 1995, dola 9.95 zilikupa saa tano, kisha dola 2.95 kwa kila saa iliyozidi. Kwa hiyo mpiga soga aliyekuwa mzigo kwa Prodigy alikuwa dhahabu kwa AOL, na vyumba vya soga vikapewa nafasi ya mbele.

Mchezo ukageuka pale kampuni ndogondogo zilipoanza kuuza intaneti bila kuhesabu saa. Desemba 1996 AOL nayo ikaingia kwenye ada moja, dola 19.95 kwa mwezi, na watu wakakaa humo bila kutoka. Laini zikajaa, ukipiga, unasikia mlio wa simu inayotumika. Malalamiko yakafika kwa wanasheria wakuu wa majimbo, na mapema 1997 kampuni ikakubali kurudisha fedha za wateja.

Haikuanguka. Mwaka 1998 ilikamilisha hata kuinunua huduma ya CompuServe. Ila muda wa soga haukuwa tena mapato bali gharama, hivyo ikaanza kuwauzia wafanyabiashara nafasi ya kutangaza mbele ya mamilioni ya wanachama wake. Ulikuwa mpango uleule wa Prodigy, safari hii ukiwa na watu waliokwisha kujaa ukumbini.